Mayai Yaliyonuka Furu

Tulimzika wifi yangu Paskazia Jumatano, Muleba, ndani ya kibanja chake cha migomba, na pale kaburini sikutoa chozi. Najua walinisema. Wacha waseme. Nililia baadaye, nilipoingia jikoni kwake kutafuta chumvi nikakuta chungu kidogo kimejaa maganda ya mayai, makavu, yamepondwapondwa tayari kwa kuku. Zaidi ya miaka hamsini mwanamke huyu alikuwa akifanya vile vile nilivyomwonyesha nikiwa binti wa miaka kumi na minne, na hakuwahi kuniambia. Nikakaa juu ya kinu kilicholala nikalia mpaka binti yake Domina akaja kunitafuta. Akasimama mlangoni, mwanamke mwenye mvi, ananitazama kama mtoto aliyevunja kitu.

"Shangazi," akasema, "mama alikuwa akiniambia mimi nilinyonyeshwa na kuku. Nikimuuliza maana yake anacheka tu, anasema nikuulize wewe."

"Na mbona hukuniuliza?"

"Nilikuogopa."

Basi naandika, kwa sababu aliyekuwa akicheka ameondoka na sasa nimebaki mimi ninayeogopwa. Kusoma sikusoma. Darasa la pili nililiacha katikati na sikurudi. Mjukuu wangu ananisaidia herufi, lakini maneno ni yangu, na akibadilisha hata moja nitajua. Nilicho nacho pale Ijuganyondo, mabanda ya kuku wa mayai ambayo watu wanakuja kuyatazama siku za Jumapili kama vile wanatazama kanisa jipya, nimekijenga kwa mikono hii. Mwaka jana alikuja kijana mmoja wa mifugo na karatasi zake, akanisomea kwamba kuku wa mayai anahitaji chakula cha kujenga mwili, na cha kutia nguvu, na madini ya ganda, na majani mabichi, na kila kimoja kwa kipimo chake, kwa sababu hata kizuri kikizidi kinaharibu. Nikamwambia, mwanangu, wewe hayo umeyasoma; mimi nimeyatapikiwa. Akadhani nimezeeka akili.

Mwaka ninaousema Mwingereza alikuwa bado yupo. Gari la bwana DC likipita njia kuu, watu walisogea kando na kuvua kofia. Sisi tulikaa upande wa Rubya, nyumba yetu ya nyasi katikati ya migomba, na ndani yake tulikuwa wanawake watatu: mama yangu, ambaye sote tulimwita Mae, kama Wahaya tunavyowaita mama zetu, mimi Leokadia, na Paskazia, mke wa kaka yangu Faustini. Kaka mwenyewe alikuwa Bukoba, akibeba magunia ya kahawa kiwandani, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, tena si kila mwezi. Nyumba ile naiona mpaka leo nikifumba macho. Sakafu imetandikwa nyasi zilizonukia zikiwa mpya na kuchoma miguu zikizeeka. Upande wa kulia, nyuma ya kiambaza cha matete, alilala Paskazia na mtoto wake mchanga, Domina huyu. Upande wa kushoto jiko, na nyuma ya jiko kuku tisa na jogoo mmoja. Kutoka kitandani kwangu nilisikia vyote, kuku wakihangaika, na mtoto akinyonya, akiacha, akilia, akinyonya tena.

Paskazia alikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto wa kwanza alikuwa amemzika mwaka uliotangulia, na huyu wa pili alizaliwa mdogo kama kikonyo cha ndizi. Baada ya kujifungua, wifi yangu hakuinuka kama wanawake wanavyoinuka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Miguu ilivimba. Maziwa yalikuwa yanakwenda yakipungua siku hata siku, na alijua, kwa maana alikuwa akijikamua matone kwenye kiganja na kuyatazama.

Siku moja mchana Mae akamwita dresa, Bwana Anatoli, mtu wa kwetu aliyejifunza kazi ya dawa na kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi. Waliongea upande wa pili wa kiambaza, na matete hayazuii neno.

"Damu imemwisha," akasema Bwana Anatoli. "Maziwa yatatoka wapi? Mpe maharage. Mpe maziwa ya ng'ombe ukiyapata. Na kila siku yai moja."

"Yai la mume wake?" akauliza Mae.

"La kwake yeye. Alile yeye."

Nikaacha kumenya.

"Waitu Bwana Anatoli," akasema Mae, kwa neno letu hilo la heshima lakini kwa ile sauti yake ya kukaza, "umesoma sana mpaka umesahau ulikozaliwa."

"Sijasahau, Mae. Ila mtoto huyu akikosa maziwa mwezi huu, siku mtakayokuja kuniita nije na jembe."

Vijana wa sasa hawajui, wanakaanga mayai asubuhi na kunywa chai kana kwamba dunia ilianza hivyo. Kwetu mwanamke hakula yai. Hakula kuku pia. Senene tuliwakamata sisi, tukawachambua mabawa na miguu sisi, tukawakaanga sisi, wakaliwa na wanaume. Kuku tuliwafuga kwa ajili ya mume, mkwe na mgeni, na yai likiiva tulilipeleka kwa mikono miwili na kugeuka. Mwanamke akila yai, walisema, tumbo lake hukauka, na watu watamjua kwa macho yake ya tamaa. Nyumba yetu basi ilikuwa na kuku tisa, na haikuwa na mdomo hata mmoja uliojua ladha ya yai. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kutuulia mtoto.

Mae alikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu akaniita. "Dawa ni dawa," akasema. "Hata majani ya mubilizi tunakunywa, na ni machungu. Tafuta mayai."

Lakini mayai hayakuwapo. Kuku wetu walitaga chini ya mibuni, wakiamua wao, na nguchiro aliyafikia kabla yangu. Nikawajengea ua wa matete nikawafungia humo, nikajiona nina akili kuliko wote. Baada ya wiki wakaacha kutaga kabisa. Nilikuwa nawatupia maganda ya ndizi, wanayachokoa, wananitazama kwa jicho la upande. Paskazia akaniuliza kutoka kitandani, kwa utani wake ambao ulikuwa bado haujafa: "Wifi, kuku wako wamefunga Kwaresima?"

Kaka akaja mwisho wa mwezi, na Mae akamchinjia mmoja. Mimi ndiye niliyempasua yule kuku, na hapo ndipo shule yangu ilipoanza, kama nina shule. Nikapasua na ule mfuko wa shingoni anamotunzia chakula. Huyu alikuwa ametoroka uani siku mbili kabla, na mfuko wake ulikuwa umejaa: mchwa, mbegu za nyasi za uwanda wa rweya, majani ya mchicha, kipande cha konokono na gamba lake, mnyoo. Ganda la ndizi hata moja halikuwamo. Nikakaa nimechuchumaa, mikono ina damu, natazama. Nilikuwa nimewafungia mbali na chakula chao chote halafu nawalaumu.

Kuku alitaka kitu chenye nyama, na kilichokuwa karibu kunipita ni samaki. Furu wakavu, ambao sisi tunawaita enkeje, vijisamaki vya miiba vilivyotungwa kwenye vijiti, walikuwa wakija na wanawake wa ziwani kila siku ya soko. Siku hizi huwaoni, sangara amewala. Tulipika miili, vichwa tukatupa. Nikatupa vichwa uani, na kuku wakapigana kama walevi. Baada ya siku nne, yai. Baada ya wiki, mayai matatu kwa siku, kisha manne. Nikapagawa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba siku ya soko naomba vichwa, nikavikausha, nikavitwanga kwenye kinu, nikawapa kuku asubuhi kibuyu na jioni kibuyu. Na kitu kingine sikuwapa, kwa nini niwape, wakati furu wanafanya kazi? Ua wangu ulinuka kama mwalo wa wavuvi. Jirani yetu mama Byera akipita alisema, "Leokadia, umeanza kufuga samaki wenye manyoya?" Nikamjibu kwamba wa kwake wana manyoya tu, mayai hawana.

Paskazia alikula yai la kwanza amefumba macho. Mae alikuwa amekaa mlangoni, amegeuza mgongo, kwa sababu hakuweza kutazama. Wifi akameza.

"Likoje?" nikanong'ona.

"Sijui. Mayai yakoje?"

Siku ya pili akala akiwa ameshika pua. Siku ya tano akatapika, akatapika mpaka hakuna kitu cha kutapika, mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwetu ni aibu juu ya ugonjwa. Mae akamfuta uso kwa jani la mgomba lililolainishwa motoni, taratibu, shavu hili na shavu lile. Nayakumbuka mapigo ya ule mkono kuliko maneno yake. Kisha akasema: "Mwili umekataa. Mwiko ni mwiko, mwanangu. Tumejaribu." Paskazia akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akikata tamaa waziwazi, kama mtu anayeshusha mzigo. Maziwa hayakurudi. Mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyozidi kuwa nyembamba, na kilio chembamba kinatisha kuliko kikubwa.

Nikaendelea kulisha kuku kwa ubishi tu. Wiki mbili baadaye Faustini akaja tena, na kwa kuwa mayai yalikuwa yamejaa kapu, Mae akamchemshia mawili. Akauma moja, akalitema nyasini.

"Mae! Nani amechemsha mayai kwenye chungu cha samaki?"

"Chungu ni kipya," akasema Mae.

"Basi yai ni bovu." Akapasua la pili, akanusa, akalisukuma mbali. "Hili nalo furu tupu. Mmewafanya nini kuku hawa?"

"Kwani yai halinuki hivyo?" nikauliza.

Kaka yangu akanitazama, akaanza kucheka, kisha akanyamaza. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba amekula mayai tangu akiwa na meno, na mimi dada yake nimeyabeba tangu nikiwa na nguvu za kubeba, na sikujua yananukaje.

"Yai halinuki kitu," akasema polepole. "Ni laini tu. Lina utamu wa mbali."

Usiku huo sikulala, sitasema zaidi. Asubuhi Faustini akaondoka na lori la kahawa, na pamoja naye uliondoka mdomo pekee ulioweza kunipimia kazi yangu. Kwa hiyo nikaenda kwa mama Byera nikaomba yai moja la kuku wake wanaotembea. Nikalichemsha pamoja na moja la kwetu, nikalitia alama ya mkaa la kwetu, nikaenda nyuma kabisa ya kibanja ambako migomba inakutana na rweya. Nilikuwa nimechagua. Kama tumbo langu litakauka, na likauke. Nikauma la kwetu kwanza. Furu, kichwa na miiba. Nikauma la mama Byera. Na pale, nikiwa nimesimama na maganda ya yai mkononi, nikawachukia wanaume wote wa Buhaya kwa muda wa kama kutafuna mara kumi. Kisha nikarudi kazini, maana chuki haimpi mtu maziwa.

Nikaanza upya. Furu nikawapunguzia mpaka konzi moja ya unga kwa kuku wote, tena asubuhi tu. Machicha ya mtama nikayaomba kwa waliopika rubisi, ile pombe yetu ya ndizi na mtama. Siku ya kwanza nikawapa yakiwa mabichi, na jogoo akalewa, akawika mchana kutwa akimtafuta wa kupigana naye mpaka akaangukia ukutani. Paskazia alimsikia, akauliza ni mgeni gani huyo. Baada ya hapo nikayaanika kwanza. Nikachimba kichuguu nikawaletea mchwa. Majani ya maharage na mchicha nikayafunga mafungu nikayaning'iniza wayarukie. Maganda ya mayai yalikuwa membamba, yanavunjika kwa kushikwa, basi nikakusanya magamba ya konokono, pamoja na maganda ya mayai yenyewe, nikayaponda na kuyachanganya. Na kila baada ya siku tatu, yai la kwetu na yai la mama Byera, nyuma ya kibanja. Mama Byera akaanza kuuliza. Nikamwambia ni dawa ya kuku. Lile la kwanza lilinuka. La pili lilinuka. La tatu lilinuka ukilitafuna sana. La nne nikasita. La tano nikasahau lipi lina mkaa, ikabidi nitazame ganda.

Nikaingia ndani mbio. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ndizi zimepakuliwa juu ya jani, mvuke bado unapanda, na Paskazia ameegemezwa ukutani kwa sababu kukaa mwenyewe kulikuwa kumemshinda. Mtoto alikuwa kifuani, amelala, au amechoka, hukuweza kujua. Nikaweka yai mbele yake.

"Wifi, si mwiko. Ilikuwa furu. Sasa halinuki."

"Leokadia, niache."

"Kula kidogo tu."

"Nilitapika mbele ya Mae." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Sitatapika tena mbele yake. Kama nakufa nitakufa na adabu."

"Umejuaje halinuki?" akauliza Mae kutoka upande wa pili wa jani la chakula.

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Ningesema Faustini, ningesema mama Byera. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na miaka kumi na minne.

"Nimeonja, Mae."

"Umefanya nini?"

"Nimeonja. Mara tano. Na tumbo langu halijakauka."

"Utajuaje tumbo lako, wewe mtoto usiye na hata titi?" Aliinua mkono nikajua napigwa. Paskazia akasema, "Mae, waitu, mwache," kwa sauti ndogo, na mtoto akashtuka akalia kile kilio chake. Kidogo, chembamba, kisha kikakatika.

Mae alikuwa amewahi kukisikia kilio cha namna hiyo. Wote tulikisikia mwaka uliotangulia, katika chumba kile kile. Mkono wake ukabaki juu, halafu ukashuka, lakini haukushukia kwangu. Ulishukia kwenye yai. Akalimenya kama anavyomenya kila kitu, kwa mviringo mmoja bila kukatisha, akalikata nusu kwa kucha, akatazama ule umanjano wake kwa muda. Mama yangu alikuwa mwanamke ambaye hata jina la mkwe wake hakulitaja katika maisha yake yote. Alifanya ishara ya msalaba. Akaweka nusu ya yai mdomoni.

Akatafuna. Akatafuna polepole sana, macho yamekazwa ukutani, kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali. Akameza. Akangoja, mkono juu ya tumbo.

"Halina samaki," akasema.

Akangoja tena kidogo. Kisha akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona na ambayo, kwa mara ya kwanza, haikuwa yangu.

"Na hiki ndicho nilichokuwa nampelekea marehemu baba yenu kwa mikono miwili? Miaka yote ile?"

Paskazia akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha mtu asiye na damu, kikamuumiza mbavu mpaka akajishika, lakini hakuweza kukizuia. Mae akamsogelea akaketi naye juu ya nyasi, akamshika kisogo kama unavyomshika mtoto anayefundishwa kunywa, akamwekea ile nusu nyingine mdomoni. "Kula, mwanangu. Ukitapika, tapika. Nitafuta." Akala. Hakutapika. Akaramba kidole cha Mae, akaona haya, akamtazama usoni, kisha akanitazama mimi.

"Lingine lipo?" akauliza.

Halikuwapo. Nikatoka nje nikaingia uani kwa magoti, nikapenyeza mkono chini ya kuku mmoja baada ya mwingine.